Modi 143 kwenye folda moja

Swali: Shikamoo kaka. Nipo Morogoro, nacheza gemu ya malori ya Euro Truck Simulator 2 kwenye laptopu. Folda yangu ya modi, yaani nyongeza za gemu, ina mafaili 143: malori, trela, mabasi, ramani, sauti, mvua. Tangu gemu ijisasishe, nikifungua profaili inapakia mpaka katikati halafu inajifunga. Nikaona dawa ni kuzipanga, nikaanza kuongeza namba mbele ya kila jina, 1 mpaka 143. Nimefika 61 na hali imekuwa mbaya zaidi, sasa gemu inasema modi nyingi hazipo. Jambo la pili, natengeneza skini, yaani rangi na michoro ya nje, za mabasi yetu ya huku. Nimeshatoa matoleo matano, ila kila nikitoa jipya jamaa wananilaumu kwamba basi limerudi kuwa jeupe. Modi zinapangwaje, na namba zinawekwaje?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Simama hapo hapo kwenye 61. Ile ya 62 usiiguse.

Gemu haikusingizii inaposema modi hazipo. Ndani ya profaili yako kuna orodha ya modi ulizowasha, na kila modi uliyoiweka kwa mkono imeandikwa humo kwa jina la faili lake, kisha mstari wa wima, kisha jina linaloonekana kwenye skrini. Ulipogeuza sauti_mvua.scs kuwa 17_sauti_mvua.scs, kwa macho yako ni kitu kile kile. Kwa profaili, yule wa zamani amehama bila kuaga na huyu wa 17 hajulikani ametoka wapi. Kwa hiyo ulikuwa na tatizo moja, sasa unayo mawili, na hili la pili umelitengeneza mwenyewe. Usijali, karibu wote tuliopitia gemu hii tumewahi kulitengeneza.

Hata hivyo wazo la kuweka namba mbele hukuliota. Gemu hii ilitoka Oktoba 2012, kazi ya SCS Software wa Prague, na miaka ya mwanzo haikuwa na dirisha la Mod Manager la kuwashia na kupanga modi. Modi zilisomwa kwa alfabeti ya majina ya mafaili, na iliyosomwa mwisho ndiyo iliyoshinda. Ndiyo maana mpaka leo unakutana na mafaili yanayoanza na zzz: mwenye modi alitaka yake isomwe mwisho ili ishinde za wenzake. Akaja mwingine na zzzz. Ilikuwa vurugu, lakini ilikuwa na sababu. Sababu hiyo imeshaondoka, na tabia imebaki.

Sasa fikiria stendi. Basi lina namba ya usajili, T na tarakimu tatu na herufi tatu, na namba hiyo haibadiliki liende Mwanza au lilale gereji. Basi hilo hilo leo limepangwa zamu ya tatu kutoka, kesho zamu ya saba. Na lina mwaka wake wa kutengenezwa, unaokuambia vipuri gani vitaliingia. Hakuna msimamizi wa stendi anayechukua brashi kila asubuhi akabandike zamu ya leo juu ya kibao cha usajili. Wewe ndicho ulichokuwa unafanya. Namba 17 uliyoiweka ulitaka iwe utambulisho wa modi, nafasi yake kwenye foleni, na pengine dalili ya upya wake, yote kwa mara moja. Siku utakayopata modi ya kuingia kati ya 16 na 17 utafanyaje? Utabadilisha majina 127?

Waliotengeneza magemu wenyewe wameshawahi kuingia mtego huu. Minecraft, kabla ya toleo la 1.13 la mwaka 2018, kila aina ya tofali ilikuwa na namba. Miaka ya mwanzo, watengeneza modi wawili wasiojuana wakichagua namba moja, tofali la mmoja la shaba linagongana na la mwenzake la mbao, na mchezaji anakaa usiku mzima akifungua mafaili ya mipangilio kuhamisha namba moja moja. Toleo la 1.13 likaziondoa, yakabaki majina. Kwenye Skyrim ya 2011, msimbo wa kila kitu una herufi nane, na mbili za mwanzo ni nafasi ya modi kwenye foleni. Ukimwomba rafiki msimbo wa upanga fulani wa modi, atakupa wa kwake, na kwako hautafanya kazi, kwa sababu kwake modi ile ni ya 12 na kwako ni ya 30.

Tuanze na gemu kujifunga, maana hilo ndilo linalokunyima usingizi.

Kabla ya lolote, nakili folda ya profaili uiweke pembeni, kwenye flashi au diski nyingine. Kisha tengeneza profaili mpya ya majaribio, ipe jina lolote, na majaribio yote yafanyie humo. Watu hupoteza gereji na malori ya miaka miwili kwa sababu walijaribia kwenye profaili yao ya kweli, ramani ikiwa imezimwa, na gemu ikajihifadhi yenyewe juu ya ile nzuri.

Halafu rudisha majina ya yale mafaili 61. Namba zako ziko mbele na zinafuatwa na alama ya chini (_), kwa hiyo kazi ni ya kufuta tu. Usitumie ujanja wa programu ya kubadilisha majina kwa pamoja kama hujazoea, maana kuna modi ambazo jina lake halisi linaanza na tarakimu na utaikata isiyo yako. Dakika ishirini za mkono zinatosha.

Sasa fungua Mod Manager kwenye profaili ya majaribio utazame zenye alama ya tahadhari. Alama hiyo inatokana na faili dogo lililomo ndani ya modi, manifest.sii, ambamo mtengenezaji ameandika modi inafaa matoleo gani ya gemu. Zenye alama ziweke kando. Lakini usidhani zisizo na alama ni salama: mtengenezaji asipoandika chochote, gemu inachukulia kwamba modi inafaa matoleo yote. Modi ya mwaka 2016 iliyonyamaza itaonekana safi kuliko ya jana iliyosema ukweli. Hapo inabidi ujue historia kidogo. Toleo la 1.37 la mwaka 2020 lilihamishia sauti zote kwenye mfumo wa FMOD, kwa hiyo modi yoyote ya sauti za injini ya kabla ya hapo haina kazi tena, ifute. Toleo la 1.40 la 2021 lilibadilisha mwanga, na modi za zamani za hali ya hewa na taa zikaanza kutoa usiku mweupe au mchana wa giza. Kwa ukusanyaji wa miaka mingi, hayo mawili peke yake hupunguza mzigo sana.

Zilizobaki zitafute kwa kugawa nusu. Washa nusu ya modi, fungua gemu. Ikijifunga, mkosaji yumo humo. Isipojifunga, yumo kwenye nusu ya pili. Igawe nusu hiyo tena. Kwa modi 143 huhitaji zaidi ya raundi nane kufika kwenye moja, wakati ukizijaribu moja moja unaweza kufika alfajiri. Sharti ni moja: modi zinazotegemeana zisitenganishwe. Ramani kubwa kama ProMods huja na mafaili kadhaa, na ukiwasha la barabara ukaacha la nyumba na miti, gemu itajifunga kwa kosa la kwako wala si la modi. Ziwekee kundi, kundi liingie au litoke zima.

Kila ikijifunga, kabla hujaifungua tena, nenda kwenye folda ya Euro Truck Simulator 2 ndani ya Documents ufungue game.log.txt. Shuka mpaka chini, kisha panda taratibu ukitafuta mistari yenye neno ERROR. Utakuta mingi, usitishike, gemu hii inalalamika hata ikiwa na afya. Unaotafuta ni wa mwisho mwisho unaotaja njia ya faili, mfano /def/vehicle/truck/ na jina la gari fulani. Jina hilo mara nyingi linakupeleka kwa mkosaji bila hata kufika raundi ya tatu. Faili hilo huandikwa upya kila gemu ikifunguliwa, ndiyo maana nasema lisome kwanza.

Na kama unatumia bando la simu na hutaki masasisho yakuvamie, kwenye Steam, programu ya kununulia na kusasishia gemu, upande wa sifa za gemu, kuna sehemu ya betas ambako unaweza kuchagua kubaki toleo la nyuma. Majina yake huanza na temporary. Mimi hubaki toleo moja nyuma kwa wiki kadhaa, mpaka watengenezaji wa modi ninazozitegemea watoe zao mpya.

Foleni sasa. Watu wamekaririshwa orodha ndefu: sauti hapa, trela pale, mvua kule. Nyingi ni za kukopiana. Kanuni ni moja tu: kwenye Mod Manager iliyo juu inaishinda iliyo chini, na inaishinda pale tu ambapo zote mbili zimebeba faili lenye njia na jina lile lile. Chukua modi mbili, moja inaongeza malipo kwa kilomita, nyingine inarekebisha mambo mengine ya uchumi wa kampuni. Zote zina def/economy_data.sii. Gemu haichanganyi hili na lile. Inachukua la juu lote, la chini inalitupa lote. Ukiona ile ya chini “haifanyi kazi”, haijaharibika, imefunikwa. Kama zote unazihitaji, hakuna mpangilio utakaokuokoa. Inabidi ufungue mafaili yote mawili na uunganishe mistari kwa mkono kwenye faili la tatu, uliweke juu ya yote.

Skini ya basi na modi ya mvua hazigusani popote, kwa hiyo ipi iko juu haina maana kabisa. Hapo ndipo utakapoona kwamba kati ya modi 143, zinazohitaji nafasi maalumu labda ni ishirini. Ramani ziweke chini, zikifuata maelekezo ya wenyewe, maana watengenezaji wa ramani ndio pekee wanaojua nani amkanyage nani kwenye mipaka. Vitu vidogo vinavyorekebisha vitu vikubwa viwe juu ya vile vinavyovirekebisha. Zilizobaki zipange yapendavyo macho yako.

Na nafasi hiyo iishi ndani ya Mod Manager, isiishi kwenye jina la faili. Namba yako ya 1 mpaka 143 nayo nimeitafutia kazi: ihamishie kwenye daftari. Jedwali la kawaida la kompyuta linatosha, hata daftari la mkono. Kila modi ipate namba ya kudumu siku inapoingia, na ikifutwa namba yake isipewe nyingine. Mbele yake andika jina la faili kama lilivyokuja, mtengenezaji, toleo la modi, toleo la gemu ulilolijaribia wewe mwenyewe ukaona inakwenda, tarehe, na inachotegemea. Tarehe ianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, 2024-05-07, ili zikipangwa zijipange kwa wakati. Safu ninayoitumia kuliko zote ni ile ya “imethibitishwa na toleo gani”. Gemu ikijisasisha, siulizi mtu. Natazama safu hiyo na najua zipi za kuzima kabla sijafungua chochote.

Ukitaka ushahidi kwamba utaratibu huu si wangu tu, tazama Steam Workshop, sehemu ya Steam ya kupakulia modi. Modi zake hazikai kwenye folda yako ya mod. Zinakaa ndani ya folda yenye namba 227300, ambayo ni namba ya gemu hii, na humo kila modi ina folda iliyopewa jina la tarakimu tupu. Mtengenezaji anaweza kubadilisha jina la modi, picha, toleo, kila kitu. Tarakimu zile zinabaki zile zile. Hakuna anayezisoma. Ni kibao cha usajili.

Tuje kwenye mabasi yako meupe, ambapo nina hakika karibu asilimia mia kwamba najua ulichofanya. Ndani ya modi yako, kwenye folda ya def, uliandika faili la skini ukaliita basi_v1.sii. Ulipotoa toleo la pili ukaliita basi_v2.sii, ukafuta la kwanza. Nimepatia?

Mchezaji aliyepaka basi lake skini yako na kuhifadhi mchezo, kilichohifadhiwa si picha. Ni njia ya faili: kwamba gari hili limevaa kilichoandikwa /def/vehicle/truck/fulani/paint_job/basi_v1.sii. Anaweka toleo lako jipya, gemu inakwenda kwenye anwani ile, inakuta nyumba imevunjwa, inalivua basi nguo. Toleo lisikae kamwe kwenye jina la faili lililo ndani, wala kwenye jina la kitu chenyewe kinachotajwa humo. Chagua jina mara moja, basi.sii, na libaki hivyo mpaka utakapoacha kutengeneza skini.

Jina la kitu lina masharti yake. Kila kipande kati ya nukta na nukta kisizidi herufi 12, na herufi ziwe ndogo a mpaka z, tarakimu, na alama ya chini. Sababu ni kwamba gemu hailitunzi jina kama maandishi, inaligeuza kuwa namba moja kubwa ya biti 64, na herufi 12 ndizo zinazoenea. Kwa hiyo “basi_jekundu_la_mkoani” halitapita. Tumia vifupisho, na tanguliza herufi mbili au tatu zako mwenyewe, kwa sababu “nyekundu” yuko mwingine Dodoma ameshaitumia, na modi zenu zikiwashwa pamoja moja itakataliwa kama pacha. Mfano, kama herufi zako ni mk: mk_nyekundu ina herufi 11, inaenea.

Basi toleo likae wapi? Kwenye manifest.sii kuna sehemu mbili, na ukizitenganisha umemaliza:

package_version: "1.10.2"
compatible_versions[]: "1.50.*"

Ya kwanza ni ya modi yako, ya pili ni ya gemu, na nyota inamaanisha masahihisho yote madogo ya 1.50. Wapo wanaoipa modi yao namba ya gemu, “skini yangu 1.50”. Ukigundua kosa la herufi wiki inayofuata utaiita nini? Ya kwako ihesabu peke yake. Mimi hutumia vipande vitatu: cha mwisho kinapanda nikirekebisha kosa, cha katikati nikiongeza skini, cha mwanzo nikibadilisha kitu kitakachowavua watu mabasi yao, na hapo natangaza mapema. Na ukumbuke hizi si desimali. Baada ya 1.9 inakuja 1.10, na 1.10 ni mpya kuliko 1.9. Gemu yenyewe ilipita njia hiyo hiyo, 1.9 ikafuatwa na 1.10, na kuna watu walidhani imerudi nyuma.

Kwenye mashine yako ya kutengenezea, kila toleo unalotoa liwe na folda yake ambayo huigusi tena. Nasema kwa uchungu. Niliwahi kuwa na mafaili manne: basi_jipya, basi_jipya2, basi_mwisho na basi_mwisho_kabisa. Siku ya kutoa nikachukua basi_mwisho, nikiamini ndilo la mwisho. Lilikuwa lile ambalo ubavu wa kulia ulikuwa bado unaakisi wa kushoto, na “KARIBU TENA” ikasomeka kinyumenyume kama maandishi ya gari la wagonjwa. Jamaa walikuwa wameshapiga picha na kuzisambaza kabla sijaamka.

La mwisho ni la watu wengine. Modi ya mwenzako uliyoipakua usiipe jina lako wala toleo lako, hata ukiirekebisha kidogo kwa matumizi yako. Marekebisho yako yaweke kwenye modi ndogo ya pembeni, iliyo juu ya ya kwake kwenye foleni. Akitoa toleo jipya, unabadilisha ya kwake na ya kwako inabaki. Ukishaichanganya humo ndani, kila sasisho lake litakurudisha mwanzo.

Kwa wale ambao mabasi yao yameshakuwa meupe: kwenye toleo lako la sita, rudisha basi_v1.sii, v2, v3, v4 na v5, yote matano, kila moja likiwa na jina la kitu lililokuwa nalo tangu mwanzo na likielekeza kwenye picha ile ile ya sasa. Ambaye hatakuwa amebadilisha rangi na kuhifadhi upya atafungua gemu akute basi lake limevaa.